Mbele ya Wafadhili: Uchambuzi wa Hotuba ya John Gatu, Milwaukee 1971

Oktoba 1971, katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Kanisa la Reformed la Marekani liliandaa tamasha la umisheni. Tamasha za aina hiyo zina kazi inayojulikana: kuwasha upya mioyo ya washarika ili waendelee kuombea, kutuma na kuchangia. Mmoja wa wanenaji alitoka Kenya, Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, PCEA. Mgeni wa namna yake hutarajiwa kushukuru, kusimulia jinsi Injili ilivyowafikia babu zake, kutaja shule na hospitali, kudokeza mahitaji yaliyobaki, kisha kuketi. Gatu alifungua kwa kutangaza kwamba hoja yake ni hii: wakati umefika wa wamishonari wa kigeni kuondoka katika sehemu nyingi za Ulimwengu wa Tatu. Makanisa ya huko yaachwe yatafute sura yao wenyewe, kwani umisheni, jinsi ulivyokuwa ukiendeshwa, ulikuwa umegeuka kizuizi kwa kanisa kuwa kanisa.

Katika vyuo vya theolojia kisa hiki husomwa chini ya somo la umisheni, pembeni ya majina mengine ya miaka ya 1970. Mimi nakisoma kama kisa cha mimbari. Nani anasema, mbele ya nani, kwa mwaliko wa nani, na maneno yake yanafika wapi akishashuka jukwaani? Viongozi wengi wa makanisa yetu wamewahi kukaa kwenye kiti kile cha mgeni. Wengi tunajua jinsi tiketi iliyolipwa na mwenyeji inavyoulainisha ulimi.

Gatu hakuwa kijana mwenye hasira aliyetoka tu chuoni. Alizaliwa Kiambu mwaka 1925, akaingia jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaokoka katika uamsho wa Afrika Mashariki, akasomea uchungaji Limuru na baadaye akaendelea na masomo Uskoti. Mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kushika ukatibu mkuu wa PCEA. Kanisa hilo ni tunda la wamishonari wa Kiskoti walioanzia Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898, kisha wakajenga Tumutumu na Chogoria. Kwa karatasi, kufikia siku ya Milwaukee hapakuwa na jambo la kudai. Tangu 1956 kanisa la Waafrika na lile la walowezi wa Kiskoti yalikuwa yameunganishwa, na Waafrika walikuwa ofisini.

Kwa nini basi katibu mkuu aliyekwisha kukabidhiwa ofisi adai watu waondoke? Kwa sababu kuwa na ofisi si kuwa na uamuzi. Kanisa lililopewa uhuru wake lilibaki na bajeti iliyotegemea barua kutoka George Street, Edinburgh, kwenye ofisi za Kanisa la Uskoti, au kutoka jengo la Riverside Drive, New York, ambako makanisa kadhaa ya Marekani, Reformed likiwamo, yalikuwa na idara zao. Ikiwa mradi una mmishonari, una gari, una fedha za mafuta na una mtu wa kuuandikia ripoti. Mmishonari akienda likizo, mradi unalala. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye vituo vya misheni ni mgeni aliyekuwa na jembe miaka sabini, na wenyeji ndio waliokaa barazani wakingoja kuandaliwa.

Hoja yenyewe haikuwa mpya. Mapema mwaka huohuo wa 1971, kule Kuala Lumpur, mwanatheolojia Emerito Nacpil wa Ufilipino alikuwa amesema kwamba chini ya utaratibu uliopo, huduma kubwa kuliko zote ambayo mmishonari angeweza kuifanyia Asia ni kurudi kwao. Tanzania ilikuwa na Azimio la Arusha tangu 1967, na neno kujitegemea lilikuwa redioni kila siku. Nacpil alikuwa akisema Asia juu ya Asia. Gatu aliyapeleka maneno hayo nyumbani kwa watumaji, siku yao ya sherehe.

Fikiria ukumbi wenyewe. Kanisa la Reformed la Marekani ni dogo, lakini kwa umisheni lina historia ndefu kuliko ukubwa wake. Ndilo lililohusishwa na Misheni ya Uarabuni, iliyoanzishwa mwaka 1889 na James Cantine na Samuel Zwemer na wenzao, na iliyozaa hospitali zilizotibu watu Bahrain, Kuwait na Oman. Katika kanisa la namna hiyo mmishonari ni binti wa mshirika fulani, ni mjomba, ni picha iliyobandikwa ubaoni mlangoni mwa kanisa, ni jina linaloombewa kila Jumatano. Gatu alizungumzia utaratibu. Msikilizaji aliyempeleka mwanawe ng'ambo angewezaje kusikia utaratibu asimwone mwanawe?

Alivyoipanga hotuba

Jambo la kwanza ninalolipenda katika hotuba hii ni mahali alipoweka mwiba. Aliuweka mwanzoni. Msemaji mwenye neno gumu kwa kawaida huanza na salamu, mzaha, shukrani, mifano, halafu neno lenyewe akalificha dakika tano za mwisho, pale anapoweza kulipunguza makali akiona nyuso zimebadilika. Gatu alitaja hoja yake kwanza, akajifungia njia ya kurudi. Kila alichosema baadaye kililazimika kuitetea.

Nadhani hapo ndipo uamsho ulipomsaidia kuliko darasa lolote la kuhutubia. Wanaoujua ushirika wa ndugu, ule uliotapakaa kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 hadi milima ya Kenya ya kati, wanajua mafunzo yake. Mtu anasimama mbele ya wenzake anasema dhambi yake kwa jina lake, bila utangulizi. Hiyo ndiyo kutembea nuruni. Na ndugu akikuona umepotoka anakuambia usoni, kisha mnaimba Tukutendereza pamoja, chai inaendelea. Aliyezoea meza hiyo haoni kwamba kumwambia mwenyeji ukweli ni kuvunja undugu. Tatizo ni kwamba Milwaukee hawakuwa wamekaa meza hiyo. Kwao, mgeni aliyesema vile alikuwa amefunga mlango. Kwake yeye ndio kwanza alikuwa ameufungua.

Halafu alichagua hadhira ngumu. Hotuba ileile angeitoa Nairobi, ingepigiwa makofi na isingemgharimu kitu. Kenya ilikuwa na umri wa miaka minane ya uhuru, na kumsema mzungu jukwaani kulikuwa mchezo rahisi kwa mwanasiasa yeyote. Pia PCEA ilikuwa imetoka tu katika mtihani wa mwaka 1969, wakati Wakikuyu walipokuwa wakilishwa viapo vya siri vya kikabila huko Gatundu, nyumbani kwa Rais Kenyatta, na baadhi ya waumini wake wakakataa na kuumia kwa kukataa. Kanisa lililoweza kusema la kwa watu wa kwao lilikuwa na haki ya kusema la kwa marafiki wa ng'ambo. Mtu asiyewahi kuwapinga wa nyumbani akienda kuwapinga wa mbali, maneno yake yana uzito wa karatasi.

La tatu ni muda. Gatu hakuomba wamishonari wafukuzwe milele. Aliomba waondolewe kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, ili kila upande ufikiri upya na kuamua uhusiano ujao utakuwa wa namna gani. Tazama hayo maneno mawili: kila upande. Hakusema Afrika peke yake ndiyo iliyokuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Makanisa ya Marekani nayo yangelazimika kujiuliza wao ni nani wakikosa mtu wa kumtumia fedha. Na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichouma zaidi, hata kuliko kuambiwa watu wao warudi. Mfadhili anaweza kuvumilia kuambiwa fedha zake hazitoshi. Kuambiwa kwamba kutoa kwenyewe kumemharibu ni jambo jingine.

Udhaifu upo, na si mdogo. Alisema wote. Hakutenganisha mhubiri na daktari, wala mhasibu na mwalimu wa chuo cha wachungaji. Mhubiri wa kigeni akiondoka parishi miaka mitano, wazee wa kanisa watahubiri, na pengine vizuri zaidi. Daktari wa upasuaji akiondoka Chogoria miaka mitano, bili inakwenda kwa mama aliyeletwa usiku na machela. Ninaelewa kwa nini alikataa kuweka vighairi. Ukishasema "isipokuwa", kila bodi ya umisheni itagundua kwamba mtu wake ndiye huyo isipokuwa. Lakini mtu anayedai jambo zima bila ratiba huwapa wapinzani wake kazi nyepesi: wanataja mgonjwa mmoja, mjadala umekwisha. Kama angefika na karatasi ya pili, mwaka wa kwanza nani aondoke, mwaka wa tatu nani, chuo gani kitoe warithi wao, hotuba ingepoteza ngurumo kidogo na kupata miguu.

Kichwa cha habari

Novemba mwaka huohuo hotuba ilichapishwa katika jarida la kanisa lililomwalika, na kichwa chake kikawa: Mmishonari, Rudi Nyumbani. Hapa hotuba ilizaliwa mara ya pili, na safari hii haikuwa tena ya Gatu. Miaka mitano ikapotea. Kila upande ukapotea. Kilichobaki ni amri ya maneno machache ambayo mtu yeyote angeweza kuibeba na kuikasirikia bila kusoma aya moja.

Mtu aliyezoea kunena kwenye makongamano atalitambua hili. Unasema saa nzima, watu wanaondoka na sentensi moja, na mara nyingi si ile uliyoitaka. Gatu alitumia miaka iliyofuata akieleza alichomaanisha, jambo ambalo ni mzigo wa kila msemaji aliyesema jambo la kweli kwa ufupi mno. Neno lililoshika ulimwenguni kote likawa moratoria, neno la wanasheria na wenye mabenki, la kusitisha malipo ya deni kwa muda. Likazunguka kutoka mkutano hadi mkutano, na kila mkutano ukaliongezea maji au pilipili.

Majibu yalikuja kutoka pande tatu. Wa kwanza walifungua Biblia: "Enendeni ulimwenguni mwote." Kama Bwana aliamuru, katibu mkuu gani ana ruhusa ya kusitisha? Jibu la hoja hiyo si gumu, kwani ulimwenguni mwote si Kikuyu na Tumutumu milele, na mtu aliyekaa miaka sabini kijiji kimoja hawezi kusema bado anaenenda. Wa pili walisema hana shukrani. Hao hawakuwa na hoja, walikuwa na maumivu, na maumivu hayajibiwi kwa hoja.

Wa tatu walikuwa Waafrika, na ndio waliokuwa wagumu. Karani ambaye mshahara wake ulitoka kwenye ruzuku, mkuu wa shule aliyekuwa akingoja maabara, mhudumu aliyeahidiwa masomo ng'ambo, hao wote walikuwa na sababu ya kutotaka kusikia. Baadhi ya viongozi walikubali hoja faraghani na kuikana hadharani. Si lazima tuwaite wanafiki. Kanisa lenye zahanati kumi zinazoendeshwa kwa fedha za nje linapoambiwa lifunge bomba, swali la nani atawalipa wauguzi mwezi ujao ni swali la haki kabisa. Hotuba ya Milwaukee haikulijibu.

Lusaka, Lausanne

Mwishoni mwa 1972 na mwanzoni mwa 1973 jambo hili lilijadiliwa Bangkok, katika mkutano wa umisheni wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Sitakaa huko. Mikutano iliyoamua sura ya kisa hiki ilikuja mwaka 1974, miwili, ikiachana kwa miezi miwili tu.

Mei 1974 Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote, uliokuwa na makao yake Nairobi na kuongozwa na katibu mkuu Burgess Carr wa Liberia, ulikutana Lusaka na kuunga mkono wito wa kusitisha watu na fedha kutoka nje. Lugha ilikuwa kali kuliko ya Gatu. Wajumbe walikiri kwamba baadhi ya miundo ya makanisa yao ingeanguka. Waliongeza kwamba, kama hatua hiyo ingeyaporomosha mashirika yanayotuma wamishonari, basi Afrika ingekuwa imewafanyia watu wa kaskazini huduma ya kuwakomboa na mtazamo uliopotoka wa umisheni. Ni sentensi tamu, ya kupigiwa makofi. Ila chombo kilichoipitisha kilikuwa kikiendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za makanisa hayohayo ya kaskazini, na hakikuacha kuzipokea. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Tofauti ya Milwaukee na Lusaka iko hapo. Milwaukee mtu mmoja alisema mbele ya wenye fedha, kwa jina lake na la ofisi yake. Lusaka mamia walisema wakiwa wao kwa wao, na azimio halina mtu wa kulibeba likirudi nyumbani. Nimeketi katika vikao vya kuandika maazimio vya kutosha kujua yanavyotengenezwa: usiku wa mwisho, watu wamechoka, mwenye kalamu ndiye mshindi, na asubuhi kila mmoja anainua mkono akiwa na begi lake mlangoni.

Julai 16 hadi 25 mwaka huohuo, Lausanne, Uswisi, Wakristo wa kiinjilisti zaidi ya elfu mbili kutoka nchi zipatazo 150 walikusanyika kwa mwito wa mhubiri wa Marekani, Billy Graham. Gatu alikuwepo. Wasiokuwepo wanaweza kudhani alikwenda kwenye tundu la simba, kwani hapo ndipo walipokuwa wenye mashirika yaliyokuwa bado yanaongeza wamishonari. Lakini mkutano huo ulikuwa na sauti nyingine kutoka kusini: René Padilla na Samuel Escobar kutoka Amerika ya Kusini waliwaambia wenyeji wao waziwazi kwamba Injili iliyofungashwa pamoja na utamaduni wa Kimarekani haikuwa Injili nzima. Suala la kusitisha lilijadiliwa na watu wa Afrika Mashariki waliokuwepo, na likaacha alama katika Agano la Lausanne, tamko la mkutano huo, lililoandaliwa na kamati chini ya John Stott, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza. Aya ya tisa inakubali kwamba kupunguza wamishonari na fedha za kigeni katika nchi iliyokwisha kuhubiriwa huenda wakati mwingine kukawa kwa lazima, ili kanisa la nchi hiyo likue katika kujitegemea na rasilimali zielekezwe kwa wasiofikiwa.

Pima safari ya hoja. Kuwaondoa wote kukawa kupunguza. Miaka isiyopungua mitano ikawa huenda wakati mwingine. Mtu anaweza kusema Gatu alishindwa. Mimi nasema alipata kitu ambacho Lusaka haikupata: sentensi iliyotiwa saini na watu ambao hawakuitaka. Kongamano la kimataifa haliwezi kukupa zaidi ya hapo. Atakayekwenda kwenye kongamano akitarajia hoja yake itoke kama ilivyoingia, bora abaki nyumbani aandike waraka.

Nyumbani

Hotuba ya Milwaukee ingekuwa kelele tu kama PCEA isingefanya lolote. Jitegemea likawa neno la kanisa zima, na hata jengo la makao makuu jijini Nairobi lilikuja kuitwa hivyo. Harambee ilikuwa tayari lugha ya nchi, kanisa likaitumia. Parishi zilijengewa makanisa kwa mawe yaliyonunuliwa na washarika, akina mama wa Woman's Guild wakichangisha, na wazee wakisomewa hadharani walichotoa. Si yote yaliyokuwa mazuri. Kusoma majina na kiasi cha sadaka mbele ya watu kumeumiza maskini wengi, na kumewapa wanasiasa wenye mifuko mizito viti vya mbele ambavyo hawakustahili. Kanisa lililokataa kumtegemea mfadhili wa Edinburgh wakati mwingine lilijikuta likimtegemea mbunge. Wanaoisimulia historia ya Jitegemea kama ushindi mtupu huipita haraka sehemu hiyo.

Wala PCEA yenyewe haikutekeleza ile miaka mitano. Waskoti waliendelea kuhudumu hospitalini na kwingineko, kwa idadi inayopungua na kwa mwaliko wa kanisa. Gatu alibaki katibu mkuu hadi 1979, kisha akawa msimamizi wa Mkutano Mkuu hadi 1985, na urafiki wake na makanisa ya nje haukukatika. Aliishi hadi 2017, akiwa mzee aliyeulizwa kila mara juu ya siku moja ya mwaka 1971.

Na wamishonari? Makanisa ya kihistoria ya Uskoti, Uingereza na Marekani, yale yaliyomsikiliza na kuandaa semina juu ya hotuba yake, yalikuwa tayari yakipunguza watu kwa sababu zao wenyewe, fedha na waumini vikiwapungukia. Moratoria ikawapa jina la heshima la kuliita jambo hilo. Mashirika ya kiinjilisti ya Amerika ya Kaskazini yaliongeza watu wao katika miaka ya 1970 na 1980, mengi yakiifanya Nairobi kituo cha kufikia nchi za jirani. Hayakuwa chini ya kanisa la Gatu wala la mtu mwingine yeyote wa Kenya, kwa hiyo hapakuwa na katibu mkuu wa kuyaambia yaje au yaondoke. Viongozi wao waliokuwa Lausanne walirudi makwao na ile aya yenye "huenda" na "wakati mwingine", wakaisoma, na kila mmoja akaona kwamba inawahusu wengine.